Maji Yasiyokupwa

Nianze kwa swali ambalo huenda likaonekana dogo. Mtu akitengeneza bahari kwa gundi na rangi, nayo ikafanana na bahari hata mtazamaji akatamani kuichovya kidole, je, mtu huyo amesema kweli au amesema uongo? Swali hili sikulipata vitabuni. Lilinijia katika kazi ya mikono yangu, na aliyenitia humo ni bibi mmoja wa pwani ambaye siku hiyo alikuwa ametoka kuokota chaza, miguu yake ikiwa bado na matope.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa jiografia katika mkoa wa Tanga. Vifaa vya kufundishia vilikuwa haba, kwa hiyo nilizoea kujitengenezea mwenyewe: mlima wa karatasi zilizolowekwa, bonde la plasta, mto wa rangi ya buluu. Baadaye nikaanza kutengeneza kile kinachoitwa diorama, yaani mandhari nzima iliyopunguzwa ikakaa juu ya meza, yenye ardhi, miti, nyumba, vyombo na watu wadogo. Neno hilo lilianzia Paris, ambako mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua jumba la maonyesho walilolipa jina la Diorama. Humo watu walikaa gizani wakitazama michoro mikubwa ambayo, kwa kubadilishwa mwanga, ilionekana kupambazukiwa na kuchwewa. Tangu mwanzo wake, basi, kazi hii imekuwa kazi ya kuyafanya macho yaamini.

Aliyewahi kuifanya atakubaliana nami kwamba milima na nyumba si tabu. Tabu ni maji.

Nilipoanza nilidhani njia ya ukweli ni nyepesi: ukitaka maji, weka maji. Nilitengeneza ghuba ndogo yenye ngalawa mbili, nikaziba kingo zake kwa vanishi, kisha nikamimina maji ya bahari niliyoyachota mwenyewe kwa ndoo. Matokeo yalinivunja moyo. Ile haikuwa ghuba hata kidogo. Lilikuwa beseni lenye vijiti viwili vinavyoelea.

Sababu niliielewa baadaye. Skeli yangu ilikuwa moja kwa mia, maana yake kila sentimita 1 ya mezani ni mita 1 ya duniani. Nyumba hukubali kupunguzwa, na mnazi pia hukubali. Maji hayakubali. Tone lenye upana wa milimita 4 hubaki na upana huo huo, na kwa watu wadogo wa mezani tone hilo ni donge la sentimita 40, kubwa kuliko dafu. Tena maji hupanda kidogo kwenye ubavu wa kila kinachoyagusa. Yakipanda milimita 2 tu ubavuni mwa ngalawa ya mfano, ni sawa na maji ya bahari kusimama sentimita 20 pasipo wimbi lolote. Hata mwendo wake haupungui kama tutakavyo. Mwingereza William Froude, aliyejenga tangi la kujaribia mifano ya meli huko Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870, alionyesha kwamba meli ikipunguzwa mara 100, mwendo unaolingana nayo haupungui mara 100 bali mara 10 tu. Ndiyo maana viwimbi vya beseni huonekana vina haraka na wasiwasi. Watengenezaji wa filamu nao, wakipiga picha za meli ya mfano majini, huupunguza mwendo wa picha ili bahari ipate uzito wake.

Mchanga ulinitenda vivyo hivyo. Nilitandaza mchanga safi wa pwani, punje zake zikiwa na unene wa nusu milimita. Katika skeli ile kila punje ilikuwa jiwe la sentimita 5, na ufuo wangu mzuri ukawa uwanja wa kokoto.

Nikageukia resini, ile wanayotumia mafundi wa mashua za faiba. Fundi mmoja alinigawia kopo moja na dawa yake ya kugandishia. Alinionya juu ya harufu yake, kwamba nifanye kazi nje na pua yangu niifunike. Hakunionya juu ya haraka yangu. Mara ya kwanza nilimimina kina cha vidole viwili kwa mpigo mmoja. Kumbe resini inapoganda hutoa joto, na ikiwa nene joto hilo hukosa pa kupitia. Ubao ulipata moto hata sikuweza kuushika, na asubuhi bahari yangu ilikuwa na nyufa kutoka pembe hadi pembe. Tangu siku hiyo nikajua kumimina tabaka jembamba, milimita 3 hivi, kusubiri ligande na kupoa, kisha kumimina jingine.

Nikajifunza mengine pia. Maji machache hayana buluu tunayoidhania; rangi ya bahari hutokana na kina chake, na kilicho chini yake, na mbingu iliyo juu yake. Kwa hiyo bahari ya mfano hupakwa rangi chini kabla haijamiminwa: manjano hafifu karibu na ufuo, kijani mbele yake, kisha buluu iliyokolea, na mahali penye mkondo karibu nyeusi. Mpaka wa rangi na rangi usionekane. Resini ikishaganda, mawimbi huvutwa juu yake kwa silikoni ya mafundi wa vioo, ile isiyo na rangi, kwa mgongo wa kijiko cha chai. Povu hupakwa kwa brashi iliyokaribia kukauka, na weupe ukizidi kidogo tu bahari hugeuka maji ya kufulia. Na wimbi lazima lijue upepo unatoka wapi. Kama tanga limejaa kusi, povu haliwezi kukimbilia kusini.

Hapo nilifikia jambo lililonifurahisha sana, na ambalo naliamini hata leo. Katika ghuba yangu ya kwanza maji yalikuwa ya kweli na bahari ikawa ya uongo. Katika ghuba ya pili hapakuwa na tone moja la maji, lakini mvuvi mzee aliyeitazama alisema mara moja, "Hii kusi imeshashika." Aliusoma upepo katika gundi. Basi nikaona kwamba ukweli wa mfano hauko katika kitu uliochongwa nacho. Uko katika mahusiano: wimbi na upepo, rangi na kina, chombo na uzito wake majini. Mahusiano hayo yakiwa sahihi, gundi husema kweli. Yakiharibika, hata maji ya bahari yenyewe hudanganya.

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwashtaki waigaji kwamba wako mbali na ukweli. Mchoraji huiga sura ya kitanda cha seremala bila kuujua useremala. Mwanafunzi wake Aristotle aliwatetea, akasema binadamu hufurahia mifano kwa sababu hujifunza kwayo. Nilisimama upande wa Aristotle, tena kwa kiburi kidogo. Nilijiambia kuwa hukumu ya Plato inawahusu wasioijua bahari. Mimi naijua.

Mwaka 1998 watu wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, walinitafuta. Walitaka kujenga hoteli ufukoni mwa kijiji kimoja kaskazini mwa mji wa Tanga, na kabla ya hapo walihitaji ridhaa ya wanakijiji. Walikuwa wamesikia habari za bahari zangu. Wakaagiza mfano wa skeli ya moja kwa mia, juu ya meza ya mita moja na nusu kwa mita moja, wenye hoteli, bustani na ufuo. Nafasi kubwa ya meza ilikuwa bahari. Sharti lao lilikuwa moja tu: maji yawe yamejaa. "Mgeni wa hoteli hapendi matope," mtu wao alinieleza.

Sikuona ubaya wowote. Bahari hujaa, hakuna asiyejua. Nilifanya kazi wiki sita, na nakiri kwamba ile ilikuwa bahari bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Lakini lazima nieleze pwani ile ilivyo. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Penye ufuo wa mteremko mdogo, mita 3 za kwenda juu na chini ni mamia ya mita za kwenda mbele na nyuma. Bahari yote niliyoimimina juu ya meza ile ni bahari kwa saa chache tu. Saa nyingine ni uwanja wa mchanga na matope, majani ya bahari, vidimbwi na mawe. Huko wanawake huokota chaza na kombe na kuchokoa pweza miambani. Huko ndiko mboga ya siku ile inakotoka, na senti za daftari, na za mafuta ya taa. Haya sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwa nikiyafundisha kila mwaka, nikichora mwezi na jua ubaoni kwa chaki.

Mkutano wa kijiji uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Anayeijua pwani yetu atatambua mara moja tatizo lililopo: siku za bamvua, saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamekupwa kabisa. Waliopanga mkutano hawakuwa watu wa pwani, na sidhani kama walikusudia. Ila matokeo ni kwamba wanawake wengi hawakuwapo. Walikuwa huko nje, juu ya ardhi ile ile ambayo mezani ilikuwa imefunikwa na bahari.

Wanaume waliuzunguka mfano wakisema mashallah. Mtoto mmoja aligusa wimbi, akatazama kidole chake akashangaa kukiona kikavu. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa fahari. Mkutano ulipokaribia kwisha akaingia bibi mmoja na ndoo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, akaweka ndoo chini, akautazama mfano kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyetangulia. Kisha akanyoosha kidole.

"Mwanangu, haya maji yako yapwa saa ngapi?"

Watu waliangua kicheko. Mtu wa kampuni akajibu kwa upole, "Bibi, huu ni mfano tu. Maji ya mfano hayapwi."

"Basi yakipwa mimi nitapita wapi?"

Hapo hapakuwa na kicheko. Njia ya kijiji kwenda ufukoni ilipita katikati ya bustani ya hoteli, lakini katika michoro niliyopewa haikuwapo, na mimi sikuiweka. Wala hapakuwa na mtu aliyeona pengo, kwa sababu njia inayoishia kwenye maji yaliyojaa haina maana, nani ataiulizia? Bibi alinigeukia mimi, kwa kuwa alinijua kuwa mwalimu. Ningeweza kusema neno moja: ukuta huu unaikata njia yenu. Sikusema. Niliinama nikanyoosha mnazi mmoja uliokuwa umelala kidogo. Mwenyekiti akaingia katika ajenda iliyofuata, na ridhaa ikatolewa.

Hoteli haikumalizika. Kuta zilifika usawa wa madirisha, fedha zikakatika, wenyewe wakaondoka. Uzio wa waya ndio uliomalizika, nao ulibaki kwa miaka. Wanawake walilazimika kuzunguka, karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Maji kupwa hakumsubiri mtu. Ukipoteza saa mbili katika zile chache ambazo ardhi iko wazi, umepoteza nusu ya mavuno yako. Mimi nililipwa ujira wangu wote, nikanunua bati za nyumba ninayokaa mpaka leo.

Sasa turudi kwenye swali. Uongo ulikuwa wapi?

Haukuwa katika gundi. Kila wimbi lilikuwa sahihi, kila rangi ilikaa mahali pake. Haukuwa hata katika kuchagua saa ya maji kujaa, kwani mfano hauwezi kuonyesha saa mbili kwa pamoja, na kila anayetengeneza mfano huacha mengi kuliko anayoyaweka. Mimi mwenyewe nimejitetea hivyo usiku mwingi. Niliacha chumvi, niliacha samaki, niliacha harufu ya mwani, na hapana aliyedanganyika. Kwa nini basi kuacha maji kupwa kuwe kosa?

Nadhani tofauti ni hii. Chumvi na harufu kila mtu alijua kwamba hazimo, na kukosekana kwake hakukumpokonya mtu kitu. Maji kupwa niliyaacha mbele ya watu waliokuwa wakiamua juu ya ardhi inayoonekana maji yanapokupwa tu. Kile kilichoachwa ndicho hasa kilichokuwa kikiamuliwa. Na mfano haukuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba kuna kilichoachwa.

Ustadi wangu ukaongeza kosa. Kama ningepaka ubao rangi ya buluu kama nilivyokuwa nikiwafanyia watoto wa shule, watu wangeuliza: huku ni wapi, na kule je? Mfano mbovu huacha nafasi ya maswali. Mfano mzuri huifunga, kwa sababu macho yakisharidhika kinywa hunyamaza. Kwa hiyo naona kwamba fundi mwenye mkono mzuri anadaiwa zaidi kuliko fundi asiyeweza.

Kisha kuna lile jibu, "huu ni mfano tu." Kabla bibi hajaingia, mtu wa kampuni alikuwa amewaambia wazee kwamba mambo yatakuwa hivi hivi wanavyoyaona. Bibi alipouliza, ghafla ukawa mfano tu. Hatuwezi kuwa na yote mawili. Anayetaka kazi yake iaminiwe hana budi akubali iulizwe.

Wapo rafiki zangu wanaosema lawama ni ya kampuni, si yangu, mimi niliagizwa. Nasita kukubali. Mtu yule alitoka mji wa mbali, na huenda hakujua bamvua ni nini. Mimi nilijua. Katika chumba kile bibi alijua na mimi nilijua, na kati yetu ni mmoja tu aliyesema.

Mwaka 2003 nilirudi kijijini pale. Nilitaka kutengeneza ufuo ule ule kwa ajili ya shule, safari hii maji yakiwa yamekupwa. Ni kazi ngumu kuliko bahari iliyojaa. Matope yaliyolowa hayang'ai kama maji wala hayafifii kama ardhi kavu, kwa hiyo nilichanganya vanishi ya kung'aa na ile isiyong'aa mpaka nikapata mng'ao wa katikati. Mikunjo ya mchanga niliivuta kwa kichana. Vidimbwi vilihitaji resini milimita 1 tu, na mkondo tabaka tatu.

Lakini kabla sijamimina hata tone nilimpelekea bibi ubao ule ungali mkavu. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki, na resini ni hivyo hivyo. Ukishaimimina umekwisha kusema. Bibi aliukagua kama anayekagua nguo sokoni. Akausogeza mkondo upande wa kushoto. Akanionyesha mawe ya pweza yako wapi na yana majina gani. Akachora njia kwa ukucha wake, nami nikaifuata kwa penseli.

Tulipomaliza nilimwomba radhi kwa siku ile ya mkutano. Alinitazama kwa mshangao. "Siku ile?" akasema. "Mimi nilidhani hukujua." Akanyamaza kidogo, kisha akasema tena, lakini si kwa ukali, "Kumbe ulijua." Akanisamehe, akanipa na kombe za kwenda nazo nyumbani. Sikuwahi kupata adhabu nzito kuliko ile.

Tangu hapo sijaacha kutengeneza bahari, wala simshauri mwingine aache. Bado nasimama na Aristotle. Ila nimejiwekea kanuni mbili, nami nawaachia wanaofanya kazi za mifano ya aina yoyote, iwe ya ubao, ya ramani, ya tarakimu au ya maneno. Ya kwanza ni kumpelekea ubao mkavu yule anayepaishi mahali pale, kabla ya kumimina. Ya pili ni ndogo sana. Katika ukingo wa kila bahari ninayoitengeneza naandika kwa wino usiofutika siku na saa yake: bamvua, saa kumi jioni, maji yamejaa. Mtu akisoma hivyo atakumbuka, bila mimi kumwambia, kwamba maji yakijaa hupwa, na ataweza kuuliza kuna nini chini yake.